Bustani ya Majini: Ya Juu na ya Chini

Mwezi huu tuzungumze juu ya bustani isiyohitaji jembe wala kiwanja, yaani bustani ya ndani ya tangi la samaki.

Sebuleni kwetu hapa Mwanza tuna tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30. Hatuna mtambo wa kutia hewa ya kaboni wala taa za gharama. Taa yetu ni ya kawaida, nasi huiwasha saa saba kwa siku.

Chini tuliweka udongo wa bustani usiotiwa mbolea, unene wa sentimita 3, tukaufunika kwa mchanga wa mtoni uliooshwa vizuri, unene uo huo. Maji ya bomba tuliyaacha siku nzima katika ndoo wazi ili klorini itoke. Kisha tukapanda sajitaria fupi, miche ikiachana kwa sentimita 5. Mmea huu hutambaa kama ukoka, na hatimaye hufanya zulia la kijani. Juu ya maji tuliweka majani yanayoelea: yale yanayofanana na saladi, na vile vijani vya duara vidogo kuliko dengu. Baada ya wiki kadhaa tukaingiza samaki sita wadogo aina ya gapi, ambao pia hula viluwiluwi vya mbu.

Majani yanayoelea yana faida kubwa. Mizizi yake hunyonya uchafu wa samaki, hivyo ukoga wa kijani hukosa chakula. Nayo hukua upesi, kwa maana hupata kaboni moja kwa moja kutoka hewani. Majani ya chini hayana bahati hiyo. Hutegemea kaboni kidogo iliyomo majini, itokayo katika pumzi za samaki na udongo unaooza. Kwa hiyo zulia huchukua miezi mingi, na linahitaji mwanga wote linaoweza kuupata.

Hapo ndipo tulipokosea. Tulifurahia ule ujani wa juu, tukauacha. Baada ya miezi miwili uso wote wa maji ulikuwa umefunikwa. Sajitaria ikawa njano, mingine ikang'oka. Asubuhi samaki walikuwa juu wakitweta, maana hewa haikupata nafasi ya kuingia majini.

Dawa yake ni rahisi. Kila Jumamosi tunapunguza majani ya juu, hata nusu ya uso wa maji ibaki wazi. Tena tulichukua mpira mwembamba wa plastiki, tukaunganisha ncha zake ukawa duara linaloelea, na majani hukaa ndani ya duara hilo. (Mpira wa dripu uliokwisha tumika hospitalini usiletwe nyumbani kamwe!) Sasa zulia limeanza kurudi.

Lakini kosa kubwa zaidi lilikuwa bado. Jumamosi ya kwanza tulijaza ndoo nzima ya majani, tukamtuma kitinda mimba wetu akaimwage mtaroni. Alikuwa amefika mlangoni baba yao alipouliza, "Mtaro huo unakwenda wapi?" Tukanyamaza. Mtaro wetu unaingia Mto Mirongo, na Mirongo unaingia Ziwa Victoria.

Sisi wa Mwanza tungepaswa kujua kuliko wengine. Magugu maji asili yake ni Amerika ya Kusini. Yaliletwa Afrika kuwa pambo kwa ajili ya maua yake mazuri, na mwishoni mwa miaka ya 1980 yakaonekana katika ziwa letu. Miaka ya 1990 yaliziba bandari na mialo, wavuvi wakashindwa kutoa mitumbwi. Sisi wauguzi tunajua na hili: katika magugu yale konokono wa kichocho na mbu hupata maficho. Ilibidi waletwe fukusi wa kuyala, na hata leo hayajaisha. Yote hayo yalianza na ua zuri la mtu fulani.

Kwa hiyo, mama mpenzi, shika haya:

1. Usifuge magugu maji, hata yakiwa na maua ya kuvutia.
2. Majani yaliyozidi yaanikwe juani mpaka yakauke kabisa, ndipo yatiwe katika shimo la mboji. Maji ya tangi mwagilia mboga, si mtaro.
3. Chombo chenye majani yanayoelea bila samaki ni nyumba ya mbu.
4. Mwenye kidonda mkononi asiguse maji ya tangi, kwa kuwa vipo vijidudu vinavyoingia hapo. Wote wanawe kwa sabuni wakimaliza.
5. Zima umeme kabla ya kutia mkono.

Siku ile kitinda mimba wetu alirudisha ndoo, akayaanika majani juu ya bati. Jioni akauliza, "Mama, kwa hiyo samaki wa ziwani wamepona?" Tulimwambia kwamba kwa upande wetu, ndiyo. Mungu alimweka mtu bustanini ailime na kuitunza, na bustani hiyo haiishii kwenye kioo chetu.

Bwana awabariki hadi mwezi ujao.