Programu ikikataa, fundi asikimbilie kufuta mashini

"Mama, urudi kesho, mashini imekataa." Maneno hayo yanasikika mara nyingi katika sekretariati za Bunia, pale watu wanapoandikisha barua, kutoa fotokopi na kuskani vyeti. Kwa mkaaji wa mji ni usumbufu tu. Kwa mama aliyekimbia vita Djugu na sasa anaishi na watoto katika kambi la Kigonze, kesho ni siku nyingine bila kibarua. Na kuna karatasi ambazo hazipatikani tena popote: nyumba ilichomwa, diploma ya mtoto ikaungulia ndani, na kopi pekee iliyobaki ni ile iliyoskaniwa kwenye kompyuta ya sekretariati.

Leo kompyuta nyingi zinahamishwa kutoka Windows 10 kwenda Windows 11, kwa kuwa tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Kuhamisha si kosa. Kosa linakuja baadaye. Printa haitambuliki tena, skana imenyamaza, programu iliyozoeleka inakataa kuingia. Hapo fundi anatoa dawa moja kwa kila ugonjwa: "Tufomati." Kila kitu kinafutwa, na diploma ya yule mtoto inakwenda nayo.

Fundi anayefuta mashini kabla ya kusoma ujumbe ulio kwenye skrini anafanana na munganga anayekata mguu kabla ya kuuliza unauma wapi.

Sababu zenyewe zinajulikana. Ya kwanza, Windows 11 ni ya biti 64 tu, lakini kuna kompyuta za zamani zilizokuwa na Windows ya biti 32. Programu nyingi za biti 32 zinaendelea kufanya kazi. Draiva haziendelei. Draiva ni ile programu ndogo inayofanya kompyuta na printa zisikilizane, na kwenye Windows 11 lazima iwe ya biti 64. CD ya zamani iliyokuja na printa haitasaidia. Draiva mpya itafutwe kwenye ukurasa wa kampuni iliyotengeneza printa hiyo.

Ya pili, baadhi ya programu za zamani zinadai .NET Framework 3.5, ambayo kwa kawaida imezimwa. Inawashwa katika "Fonctionnalités de Windows", kwa mega kidogo za intaneti. Ya tatu, programu haiizoei Windows mpya. Hapo fundi abonyeze kitufe cha kuume cha kipanya juu ya programu, afungue "Propriétés", kisha "Compatibilité", na kuchagua Windows ya zamani.

Ya nne inasemwa kwa sauti ya chini: programu ni ya wizi, imepita flashi kwa flashi. Programu inayodai antivirusi izimwe kwanza ndipo iingie, isiingizwe kabisa. Kwa kuandika barua kuna LibreOffice, ambayo ni ya bure, ni halali, na inafungua faili za Word.

Yote yakishindikana, bado kuna njia ya kurudi. Mtu akihamia Windows 11 bila kufuta, Windows ya zamani inahifadhiwa kwa siku 10. Inarudishwa kupitia "Paramètres", "Système", kisha "Récupération". Fundi aliyefomati amejifungia mlango huo mwenyewe.

Mafundi wana majibu yao. Umeme unakatika, mega ni ghali, wateja wanapanga mstari, na kufomati ni haraka kuliko kutafuta chanzo cha ugonjwa. Hayo ni kweli. Lakini haraka hiyo inalipwa na nani? Si fundi, wala mwenye sekretariati. Inalipwa na familia itakayotembea ofisi kwa ofisi kutafuta duplikata, bila karatasi ya kuonyesha wala franka za kulipia.

Tena hakuna anayelazimishwa kuhamisha kila kitu kwa siku moja. Mashini isiyo na TPM 2.0 au yenye RAM chini ya giga 4 haitimizi masharti ya Windows 11, na kuilazimisha ni kununua matatizo. Mwenye kompyuta mbili ahamishe moja kwanza, ajaribu printa na skana, ndipo aguse ya pili. Na kabla ya yote, faili za wateja zinakiliwe kwenye diski ya nje. Kama kufomati hakuepukiki, basi kufanyike baada ya kopi, na kopi hiyo ifunguliwe kuona kama inasomeka.

Anayepokea franka za mtu ili askani cheti chake amepokea pia amana. Familia nazo zisiache karatasi yao mahali pamoja: ziombe faili iwekwe kwenye simu, kwenye flashi, au itumwe kwa ndugu wa mji mwingine. Na mama akiambiwa arudi kesho, ana haki ya kumwuliza fundi swali moja kabla hajaondoka: "Baba, faili yangu umeikopia wapi?"