Kiduara Kikizunguka, Mkono Mfukoni!

Wale mlioulizia wiki iliyopita nimeingia mitini wapi, jibu ni hili: nilikuwa namkimbia mwenye fremu ya dada yangu. Ni mzee mstaarabu sana, ila siku za kodi anabadilika sura. Na kodi yenyewe niliyeila ni mimi. Sikuila kwa bia wala kwa mademu, niliila kwa kubonyeza kitufe cha kompyuta mara mbili. Vuta kiti nikupe mkanda wote.

Dada yangu ni fundi cherehani, ana fremu yake Manzese. Miaka yote mashine ya ovaloki hana, anapeleka nguo kwa jirani, analipa kwa kila nguo, na siku jirani akiamka na kisirani nguo za wateja zinalala. Mwezi uliopita zamu yake ya mchezo ikafika, akapokea laki tano. Hesabu aliipiga usiku kucha. Shilingi 240,000 za mashine ndogo ya ovaloki aliyoiona kwenye duka moja la mtandaoni, 200,000 kodi ya fremu ya miezi miwili, zilizobaki nyuzi na nauli. Bei ile ya mashine ilikuwa ya punguzo, mwisho Jumapili saa sita usiku.

"Mdogo wangu, wewe si unajua mambo ya kompyuta?" akaniuliza mbele ya wateja wake wawili, mmoja binti mrembo wa haja.

Sasa mwanamume mzima, una cheti chako cha kidato cha nne, jina lako linatoka gazetini, unaulizwa hivyo mbele ya mrembo. Utasema hujui? Nikakohoa kidogo, nikasema, "Hiyo ndogo sana, dada."

Kioo cha simu yake kimepasuka kama ramani ya mito, kusoma bei ni kubahatisha, kwa hiyo tukaenda steshenari ya mtaa wa pili. Pale pana kompyuta tatu, zote za Windows 7. Ilikuwa Jumapili, saa mbili usiku. Duka likafunguka vizuri tu, picha zikaja, mashine tukaiona, tukaitia kwenye kikapu, tukaandika namba ya simu ya dada. Nikabonyeza kitufe cha kuagiza. Simu ikaleta ombi, dada akaweka namba ya siri. Poa.

Halafu pale kwenye kompyuta pakatokea kiduara, kikaanza kuzunguka. Kikazunguka. Dakika tano kinazunguka. Hakuna "asante", hakuna "umekosea", na kwenye simu meseji ya pesa haijaja, maana siku ile mtandao ulikuwa unasuasua tangu mchana.

"Mbona kimya?" dada akauliza.

Hapa ndipo nilipochemsha. Nikasema, "Hiyo imegoma. Tunaanza upya." Nikaufungua ukurasa tena, kikapu kipo vilevile na mashine yake ndani, nikabonyeza. Simu ikaleta ombi la pili. Dada akasita, kidole kiko hewani. "Si nimeshaweka namba ya siri?"

"Ile ilifeli, dada. Weka."

Akaweka. Kiduara kikarudi kuzunguka kama hakuna kilichotokea. Kabla hata sijakaa sawa, simu ikalia mara mbili kwa mpigo. Meseji mbili za pesa zimefuatana kama daladala za njia moja. 240,000 na 240,000. Katika laki tano ya mchezo, ukitoa makato, ikabaki hela ya nauli na vocha.

Dada hakupiga kelele. Angepiga kelele ningefarijika. Alikunja simu kwenye kitenge, akaniambia, "Twende nyumbani."

Kesho yake asubuhi nikamrudia kijana anayeendesha ile steshenari, mimi namwita Injinia japo hajasomea uinjinia. Akanionyesha kitu ambacho nimetumia kompyuta miaka yote bila kukijua. Ukiwa kwenye kivinjari, yaani brauza, bonyeza F12. Kinafunguka chumba cha nyuma cha ukurasa, na ndani yake pana sehemu inaitwa konsoli. Ni kama kufungua boneti ya gari. Mistari ya njano ni manung'uniko tu, iache. Mistari myekundu ndiyo makosa yenyewe, na pembeni ya kila mstari limeandikwa jina la faili na namba ya mstari lilipotokea kosa. Tukafungua sehemu ya oda za dada, kiduara kikaanza vituko vyake, na chini yake mstari mwekundu: kompyuta inalalamika kuwa haijui amri iitwayo toSorted.

Ngoja niwaeleze kwa lugha ya mtaani. Ukurasa wa duka si picha na bei tu. Ndani yake mna skripti, yaani orodha ya amri ambazo kivinjari chako kinazisoma na kuzitekeleza moja baada ya nyingine. Lugha ya amri hizo ni JavaScript, iliyotungwa na Brendan Eich wa kampuni ya Netscape mwaka 1995, kwa siku 10. Siku kumi, watu wangu! Dada yangu akikwambia sare yako itakuwa tayari baada ya siku kumi, ujue hajaigusa. Na lugha hiyohiyo ndiyo leo inaendesha karibu kila duka la mtandaoni unalolijua.

Sasa chukulia umekaa kwenye banda la chipsi. Wewe upo mezani, jikoni huoni. Skripti ndiyo mhudumu. Anachukua oda yako, anaipeleka jikoni, anarudi kukuambia "inakuja". Kosa la skripti ni mhudumu kuteleza akaanguka. Swali ni moja tu: ameanguka akienda jikoni, au ameanguka akirudi? Akianguka akienda, jikoni hawajui lolote, agiza tena uwezavyo. Lakini akianguka akirudi, chipsi zako zimeshatiwa kwenye mafuta. Ukipaza sauti "oya, chipsi moja!" wanakaanga sahani ya pili, na bili yako ni sahani mbili.

Wetu alianguka akirudi. Oda ilifika, pesa ikakatwa, halafu duka likataka kumwonyesha dada orodha ya oda zake zikiwa zimepangwa. Hapo ndipo ilipotumika hiyo toSorted, ambayo kazi yake ni kupanga orodha. Kivinjari cha Chrome kiliijua amri hiyo kuanzia toleo la 110, lililotoka Februari 2023. Na Chrome kwenye Windows 7 iligota toleo la 109. Namba moja tu, jamani! Skripti ikifika kwenye amri isiyoieleweka na hapajawekwa tahadhari yoyote, kazi inakatika palepale. Amri ya kukisimamisha kile kiduara ilikuwa mstari wa chini, haikufikiwa. Ndiyo maana kilizunguka hata baada ya kazi kuisha. Kilikuwa hakijaambiwa.

Wakubwa zangu watakumbuka enzi za Internet Explorer, kile kisanduku kilichokuwa kinaruka na alama ya mshangao, kikikuuliza kama uendelee kuendesha skripti, Ndiyo au Hapana. Ulikuwa ukibonyeza Ndiyo hola, ukibonyeza Hapana hola. Microsoft waliifungia programu hiyo Juni 2022. Lakini afadhali kile kisanduku, kilikuwa kinakuambia kuna noma. Vivinjari vya leo vinaficha makosa kwenye konsoli, na mtu wa kawaida kama dada anabaki kutumbulia macho kiduara.

Injinia akaweka Firefox kwenye kompyuta ileile. Toleo la 115, ambalo ndilo la mwisho kukubali Windows 7, linaijua toSorted. Tukaingia na akaunti ya dada, ukurasa wa oda ukafunguka bila tabu. Oda mbili, zimepishana dakika saba. Nikapiga picha ya kila kitu: ule mstari mwekundu, namba za oda zote mbili, na zile meseji mbili za pesa.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Binti wa sauti ya asali akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Futa historia ya kivinjari chako, kaka, halafu jaribu tena."

Jaribu tena! Nijaribu tena na hela ya nani?

Lakini nisimwonee, kuna siku ushauri huo unasaidia. Kivinjari hutunza faili za zamani za duka ili kisizipakue kila siku, na duka likibadilisha skripti zake unaweza kubaki na nusu mpya, nusu ya kale. Hapo bonyeza Ctrl, Shift na R kwa pamoja, ukurasa unapakuliwa upya wote. Mimi siku hizi, kabla ya kufuta chochote, nafungua dirisha la faragha. Likikubali huko, ujue mchawi ni faili za zamani au kile kiprogramu cha kuzuia matangazo ulichopachika mwenyewe ukasahau, maana vingine vinazuia mpaka skripti ya kulipia. Likikataa, nahamia simu nyingine au kivinjari kingine. Likikataa kila mahali, tatizo si lako, ni la mwenye duka, na usihangaike kufuta historia ya watu. Halafu kuna hili la kuchekesha: tazama tarehe ya kompyuta. Mashine ambayo betri yake ya ndani imekufa inaamka kila asubuhi ikidhani ni miaka ya nyuma huko, na hapo kurasa salama zinakataa kabisa kufunguka. Pale steshenari mashine ya tatu ina ugonjwa huo, Injinia anairekebisha kila siku kabla ya chai.

Na nyie mtakaokimbilia F12 leo kwa kiherehere, sikilizeni. Angalia, piga picha, toka. Mtu asikutumie maandishi eti yabandike kwenye konsoli upate punguzo. Huo ni usanii, amri hizo zinaweza kukomba akaunti yako yote. Facebook wenyewe wameweka onyo kubwa ndani ya konsoli yao kwa ajili hiyo hiyo.

Turudi kwenye kasheshe. Siku ya tatu baada ya kutuma zile picha nikapigiwa na mtu wa duka anayejua anachokisema. Akauliza toleo la kivinjari, nikamwambia 109, akanyamaza, akasema, "Ahaa." Ile "ahaa" ilinifurahisha kuliko sauti ya asali. Akakubali oda ya pili ifutwe na pesa irudi.

Mimi nilimwambia ukweli wangu. Sawa, kompyuta ni kuukuu. Lakini duka linalotaka hela ya Manzese lijue kompyuta za Manzese. Na kitufe cha kulipia kikibonyezwa mara moja kilale, na oda mbili zinazofanana, za mtu mmoja, ndani ya dakika saba, kabla ya kukata pesa mara ya pili mfumo uulize. Muuza chipsi ukimwagiza sahani mbili uko peke yako anakuuliza, "Zote zako?" Jamaa akasema atawafikishia wahusika. Haya.

Pesa ilirudi siku ya tisa. Siku hizo tisa usiziombe. Siku ya nne mzee mwenye fremu aliweka kufuli lake juu ya kufuli la dada. Nikaenda kumbembeleza, "Shikamoo mzee," akaitikia vizuri, nikaanza kumweleza habari za skripti na mhudumu aliyeteleza. Akanisikiliza kwa upole, kisha akauliza, "Huyo mhudumu ndiye atakayelipa kodi?" Nikala kona. Dada akahamishia cherehani kibarazani kwa shoga yake, akawa anashona huku anafukuza kuku, na mteja mmoja wa sare za harusi akachukua vitambaa vyake akaondoka. Huyo hajarudi. Hela ya duka ilirudi yote, ya yule mteja hakuna wa kuirudisha.

Mashine ilifika Alhamisi, inapiga ovaloki kama haina akili nzuri. Kodi imelipwa, kufuli la mzee limeondoka. Dada amenunua daftari, na sasa akilipa chochote kwenye simu anaandika saa, kiasi na namba ya muamala, halafu anaifunika simu kifudifudi mpaka meseji ije. Ikichelewa anaangalia salio kwanza. Mimi siruhusiwi kuigusa hiyo simu.

Nilimpelekea suruali yangu aipige ovaloki, bure, kwa undugu. Akaipokea bila kunitazama, akaitupia kapuni, akasema nirudi baada ya siku kumi.

Jana zilitimia. Nimekwenda, nikaikuta pale pale kapuni, na yule mrembo amekaa juu yake anasubiri gauni. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa na suruali.