Kifuniko Kilichobaki Mfukoni

BARAZA YA NGAMIANI
Na Mwinyihaji Sefu

Kwenye kikao cha harusi ya mpwa wangu, mhazini alitangaza mbele ya watu kwamba ametoka nyumbani bila kalamu. Nikatia mkono kwenye mfuko wa suti yangu ya Kaunda, kwa mbwembwe kidogo, maana humo hukaa Parker 51 ya marehemu mjomba, aliyekuwa karani wa shamba la mkonge. Nikatoka na kifuniko peke yake. Kalamu yenyewe ilipatikana baada ya robo saa, imejichomeka chini ya jamvi, na wino wake umeishia kwenye kanzu ya jirani yangu, ambaye mpaka leo salamu zake kwangu ni fupi.

Ndivyo kifuniko kilicholegea kinavyomuumbua mtu. Kibanio cha mfukoni kimefungwa kwenye kifuniko, si kwenye kalamu, kwa hiyo kifuniko hubaki pale kimesimama wima kama mlinzi aliyelala huku mali imekwisha kwenda. Na hata kalamu isipoanguka, hewa hupenya ndani, wino ukakauka kwenye nibu, na kila asubuhi unaanza kazi kwa kuitikisa kama chupa ya dawa ya kikohozi.

Ugonjwa huo niliujua tangu Ramadhani, na niliutibu mwenyewe. Nilichukua koleo, nikafunga kitambaa, nikaubana mdomo wa kifuniko. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi; hawakusema lolote kuhusu mtu anayeanza na koleo. Mdomo ukaingia umbo la yai, kifuniko kikawa kinapwaya vilevile, na sasa kina kovu juu.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba mdomo ndio unaoshika. Kwenye kalamu hii mdomo haushiki chochote. Kalamu nyingi za enzi ile zilifungwa kwa hesi, unazungusha kifuniko mpaka kikaze. Waliotengeneza 51 walitaka kifuniko cha kusukuma tu, basi. Shingoni mwa kalamu, pale kiwiliwili kinapoungana na sehemu ya kushikia, pana pete nyembamba ya chuma. Ndani ya kifuniko, mahali ambapo jicho halifiki bila taa, pana vidole vya chuma chembamba chenye kunesa. Vidole hivyo ndivyo vinavyoikumbatia pete. Kifuniko kikiwa kizima hakilii "ta" kama vifuniko vya siku hizi. Kinateleza, kinapunguza mwendo, kinatulia. Baada ya miaka sitini ya kuvutwa na kusukumwa, vidole huchoka, au pete hulika. Unaweza kuubana mdomo mpaka kesho.

Kijana anayetengeneza simu karibu na kwangu aliiangalia kwa sekunde tatu, akasema, "Mzee, tone moja la supaglu ndani, linakauka, linajaza." Nilimshukuru nikaondoka na kalamu yangu. Gundi ile mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye plastiki, na tone likishaganda juu ya vidole vile, havinesi tena. Mwingine alinishauri nizungushie seloteepu shingoni. Hiyo nilijaribu. Ilishika siku tatu, kisha ikaanza kujikunja kuelekea kwenye nibu, imebeba gundi na vumbi la mfukoni.

Mwishowe nikaenda kwa fundi saa. Bado yupo mmoja, ana meza yenye kioo na kiti kimoja cha mteja. Nilimwamkia, nikampa kalamu, nikaanza kueleza. Akanyanyua kidole ninyamaze, akaweka lenzi jichoni, akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Kifuniko hiki ni chake?"

Nikabaki nimeduwaa. Akaniambia kwamba nusu ya vifuniko vilivyolegea anavyoletewa si vya kalamu zenyewe. Mtu alipoteza chake, akapachika cha Parker 21, ndugu wa bei nafuu aliyekuja mwaka 1948, au cha Hero ya Mchina, ambazo zinafanana na 51 ukizitazama kwa mbali. Vinaingia, lakini havikai. Hapo huna cha kutengeneza. Tafuta kifuniko chake. Changu kilikuwa chake. Akauliza la pili: nani alikibana? Nikasema sijui.

Kwanza alikiosha, maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, kwa sababu wino uliokauka huganda kati ya vidole na kuvifunga. Maji ya moto alikataa katakata. Kisha akakata kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, akaufumbata ule utosi wa kifuniko na kuukaza, maana nao ulikuwa umelegea na huko juu pia hewa hupita. Vidole alivishughulikia mwisho, kwa kijiti cha mwanzi alichokilainisha mwenyewe: akavileta ndani kimoja kimoja, kiasi cha unywele, na baada ya kila kimoja akajaribu kifuniko kwenye kalamu. Kikikaza mno, alisema, kitaichora kalamu mistari kila unapokifunga. Ilimchukua karibu saa nzima, na robo tatu ya saa hiyo ilikuwa kujaribu.

Alinitoza shilingi elfu tano. Jamaa mmoja nyumbani akasema nimeibiwa, hakuna hata kipuri kilichobadilishwa. Hapa ndipo ninapogombana na wenzangu. Tumezoea kulipia kipuri. Fundi akituonyesha kitu kipya mkononi tunatoa pesa bila kinyongo. Akitumia jicho na swali tunaona katuuzia maneno. Halafu tunashangaa kwa nini mafundi wanapenda kubadilisha kuliko kutengeneza. George Parker mwenyewe alikuwa mwalimu wa telegrafu mjini Janesville, Wisconsin, akiwauzia wanafunzi wake kalamu za kampuni nyingine, na kila zilipoharibika zilirudi kwake azitengeneze. Kwa kuchoshwa na matengenezo hayo akaanzisha kampuni yake mwaka 1888. Hiyo 51 jina lake lilitokana na mwaka 1939, kampuni ilipotimiza miaka 51. Madukani iliingia 1941.

Yule kijana wa simu simlaumu. Ana hadubini mezani, ana vibano vyembamba kuliko vya yule mzee fundi saa, na mkono wake hautetemeki. Anachokosa ni mteja wa kumpa saa nzima. Mimi mwenyewe nilisimama pale huku nikitazama saa. Wiki iliyopita nilimpelekea mzee jina lake, naye akasema nimlete Jumatano, siku isiyo na wateja wengi.

Kwenye kikao kilichofuata mhazini alisahau kalamu tena. Nilitia mkono mfukoni, ikatoka nzima, na kifuniko kikavutika taratibu kama droo ya kabati zuri. Akaishika, akaikandamiza kwenye daftari kama bolpeni, akanirudishia.

"Haina wino hii."

Nikaigeuza, nibu ikatazama chini, nikampa tena.