Kungojea haiko kosa

Bandugu, tangu mwanzo wa 2025 tunapokea maneno ya aina moja kutoka kwa wenzetu walio Marekani. Waliondoka Goma na Bukavu na visa ya matembezi, kuona dada aliyezaa ao kuhudhuria arusi, wakapewa miezi 6 pale uwanja wa ndege. Kisha Goma ikaanguka mwisho wa Januari, Bukavu ikafuata Februari, uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Warudi wapi? Wakafanya kile sheria inaruhusu: mbele ya siku zao kuisha, wakajaza fomu I-539 kuomba waongezewe muda. Wakangojea. Miezi ikapita bila jibu. Na maisha hayangojei: wengine kati yao wakapendana na watu wa kule, wakaoa, wakaolewa.

Sasa wanatuuliza: naweza kuomba makaratasi ya kukaa kwa njia ya ndoa, na huku dosie ya kwanza haijajibiwa? Tunajibu wazi, juu wale wanaowajibu sasa ni wauzaji wa bongo.

Inawezekana, lakini si kwa kila mutu. Kama bwana ao bibi yako ni raia wa Marekani, na wewe uliingia kwa mlango, ofisa akakukubali, unaweza kuweka I-130 na I-485 pamoja. Hata kama muda ulishaisha, hata kama I-539 inakataliwa kesho, sheria inafunika hilo kosa kwa mwenzi wa raia. Kama yeye ana kadi ya kijani tu, mambo inabadilika kabisa: unapaswa kuwa halali mpaka siku unaweka dosie, na unangojea pia zamu ya namba ya visa. I-539 ikikataliwa mbele ya hapo, mlango umefungwa. Ndoa mbili za kweli, mtaa mmoja, na tofauti ni karatasi iliyo mfukoni mwa bwana. Tunaiita jina lake: ubaguzi wa makaratasi.

Wengi wanaamini ile risiti ya I-539 ni visa mpya. Haiko visa. Kama uliweka ombi kwa wakati, risiti inazuia tu siku zako zisihesabiwe kuwa za kukaa bila haki, mpaka jibu litoke. Haikupi kazi. Haikupi safari. Jibu likiwa hapana, hesabu inaanza kesho yake. Na hiyo hesabu ndiyo mutego wa sheria ya 1996: ukizidisha siku 180 kisha ukatoka nchini, miaka 3 hurudi, ukifikisha mwaka, miaka 10. Angalieni vizuri: adhabu inamupata yule anayeondoka. Mutu ambaye mama yake amekufa Bukavu, akapanda ndege kwenda kumuzika, ndiye anafungiwa mlango. Na hata kama siku zako ni safi, ukitoka wakati I-485 inangojea, bila ruhusa ya safari mkononi, wanasema umeiacha dosie yako mwenyewe. Wanachukua dola 1,440 kwa I-485 peke yake, bei ya tangu Aprili 2024, wanakaa na makaratasi miezi na miezi, na woga wa kila siku ya kukawia kwao anaubeba mwombaji. Hii ndiyo tunakataa.

Lakini hapa tunaongea kwa ukali na wenzetu wenyewe pia. Katika I-539 uliandika kwamba utarudi. Katika I-485 unasema unabaki. Ni idara ileile, itasoma zote mbili. Kubadilisha mawazo si uongo: vita, mapenzi, mimba, vinabadilisha mawazo ya mutu, na unaweza kulisema hilo bila haya. Uongo ni kuficha ile ya kwanza, ao kugeuza tarehe mliyokutana. Ukikamatwa na uongo wa namna hiyo mbele ya ofisa, unaweza kufungiwa nchi maisha mzima. Na ndoa ya kununua ni mbaya kuliko: kifungo mpaka miaka 5, faini mpaka dola 250,000, na hata ukipenda kweli kisha, ombi la ndoa hiyo halitakubaliwa. Matangazo yanazunguka kwa WhatsApp, tunayaona. Acheni.

Wengi wa hao wauzaji wanajiita notere. Kwetu notere ni mutu wa sheria, mutumishi wa Leta, saini yake ina uzito. Kule Marekani anayeitwa hivyo ni mushahidi wa saini tu. Hana haki ya kukushauri juu ya uhamiaji. Mwenye haki ni avoka, ao mwakilishi aliyekubaliwa na Wizara ya Sheria, na hawa wa pili wako ndani ya mashirika yasiyotafuta faida, mara nyingi kwa bei ndogo. Mwenzetu mmoja alilipa "notere" akamwambia aondoe I-539 kwanza, eti dosie iwe safi. Akaondoa. Bwana yake hana uraia, ana kadi ya kijani. Leo dada huyo anangoja bwana akuwe raia, bila kazi, akiogopa kila mlango unaogongwa, juu tangu Februari 2025 mwongozo wa idara unaagiza anayekataliwa bila kuwa na uhalali aitwe mbele ya jaji.

Na Leta yetu? I-485 inaomba cheti cha kuzaliwa. Sheria ya jamaa inatoa siku 90 za kuandikisha mutoto. Wangapi kati yetu waliandikwa? Aliyekosa anatafuta hukumu ya mahakama. Ataipata wapi, Goma ikiwa mikononi mwa M23? Tunaomba Kinshasa na ubalozi wake watoe makaratasi hayo kwa watu wa Kivu popote walipo, bila komisioneri katikati.

Kwa Washington tuko na moja. Tarehe 27 Juni 2025 walikaribisha Congo na Rwanda kusaini makubaliano ya amani. Wanajua basi kwamba kuna vita. Lakini ule ulinzi wa muda, TPS, waliowapa watu wa nchi nyingine, hawajatupa. Ungekuwepo, aliyekwama angefanya kazi kwa jina lake, na angeoa siku anataka kuoa.

Mwenye dosie mkononi: chukua nakala ya kila kitu, I-94, risiti zote mbili, bahasha zenye tarehe. Usiondoe I-539 ao kupanda ndege mbele ya kuonana na avoka wa kweli. Na ukihama nyumba, wape anwani mpya ndani ya siku 10. Barua ya kuitwa inaenda kwa ile ya zamani.