Seli za NK zafungua njia mpya ya tiba ya saratani, lakini kwa nani?

Mwaka 2020, madaktari wa kituo cha saratani cha MD Anderson mjini Houston, Marekani, walitoa matokeo ya jaribio lililohusisha wagonjwa 11 tu. Wote walikuwa na saratani za damu au za tezi zilizoshindikana kwa tiba nyingine. Walipewa seli za kinga zilizokuzwa kutokana na damu ya vitovu vya watoto wachanga. Wanane waliitikia tiba, na saba kati yao hawakuonekana tena na dalili za ugonjwa, ingawa baadhi walipata matibabu mengine baadaye.

Seli hizo huitwa NK, yaani seli ziuazo kwa asili, na zimejulikana tangu miaka ya 1970. Kila seli yenye afya hubeba alama ya utambulisho. Seli ya saratani mara nyingi huificha alama hiyo ili askari wengine wa mwili, seli T, wasiitambue. NK hufanya kinyume: isipoiona alama, hushambulia. Huko Houston ziliongezewa kipokezi cha kutambua CD19, protini iliyo juu ya seli B, ambako saratani hizo huanzia.

Uzito wa habari hii uko hasa katika gharama. Tiba ya kwanza ya seli T zilizobadilishwa vinasaba, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, ilitangazwa kwa bei ya dola 475,000. Hutengenezwa kwa seli za mgonjwa mwenyewe, kwa kuwa seli T za mtu mwingine zaweza kuushambulia mwili wake. NK kwa kawaida hazina hatari hiyo. Kitovu kimoja chaweza kutoa dozi za wagonjwa kadhaa, zikagandishwa na kusubiri.

Hata hivyo, shangwe ina mipaka. Ripoti ya mwaka 2024 ya kituo hicho hicho, kuhusu wagonjwa 37, ilionyesha kuwa takriban nusu waliitikia. Baada ya mwaka mmoja asilimia 68 walikuwa hai, lakini ni asilimia 32 tu ambao ugonjwa wao haukuwa umeendelea. Damu ya kitovu iliyogandishwa ndani ya saa 24 ilifanya kazi vizuri zaidi, na uvimbe wa saratani wa viungo kama ini au mapafu ni mgumu zaidi kwa NK kuupenya.

Afrika Mashariki ina sababu ya kufuatilia. Limfoma ya Burkitt, saratani ya watoto iliyoelezwa na daktari Denis Burkitt nchini Uganda mwaka 1958, nayo huanzia kwenye seli B na hubeba CD19. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1967, ilisaidia kuthibitisha kwamba dawa za kemikali zaweza kuiponya. Dawa hizo ni nafuu mno zikilinganishwa na tiba za seli, lakini watoto wengi bado hufikishwa hospitalini wakiwa wamechelewa, na wengine hukatiza matibabu kwa kukosa nauli.