Mashua za Ikulu na Mashua za Nyanza

Wapo wasomi miongoni mwetu ambao, wakiulizwa uchoraji ni nini, hukimbilia majumba ya wafalme. Tumewasikia wakiisifu michoro ya Kichina ya mashua za fahari, na papo hapo wakizibeza mashua za wavuvi wa Nyanza kuwa ni mbao zilizopakwa rangi, basi. Tunawajibu kwamba hawajautazama mchoro wanaousifu.

Mwaka 1323 Wang Zhenpeng alimchorea Binti Mfalme Sengge mashindano ya mashua zenye vichwa vya joka katika bwawa la Jinming, mjini Kaifeng. Mchoro huo ni ukanda mrefu unaokunjwa kama mkeka na kufunguliwa kidogo kidogo kuanzia kulia. Hauna rangi. Ni wino mtupu na mistari iliyonyoshwa kwa rula, na kila nguzo, kila boriti na kila kasia lina mahali pake. Tena mashindano yale Wang hakuyaona, kwani yalikuwa ya enzi ya Song, na Kaifeng ilitekwa mwaka 1127. Angewezaje kuchora hivyo asiyejua ubao upi unashikwa na upi? Mchoraji yule wa ikulu alikuwa amemsoma seremala.

Sasa mwambie mwanafunzi wetu achore mashua. Atakuchorea nusu duara na bendera juu yake! Si kosa lake. Ufuko wa Shirati ulikuwa ndani ya wilaya ya Tarime mpaka Rorya ilipotengwa mwaka 2007; nao vijana wa Serengeti wanapitiwa na Mto Mara, uendao kumwaga maji katika ziwa lile lile. Lakini ni shule ngapi zilizowapeleka kumtazama fundi akilaza mkuku, akisimamisha mataruma, akiziba nyufa kwa pamba, kisha akipaka rangi ubavuni na kuandika jina la chombo? (Majina hayo, sisi tutungao mashairi twakiri, mara nyingi hutushinda kwa ufupi wake.)

Wala tusiambiwe habari za uhaba wa vifaa. Wang alitumia wino na rula, navyo vimo mkobani mwa kila mwanafunzi wa sekondari. Anayekosekana ni mwalimu wa kumfikisha ufukweni na kumwacha hapo asubuhi nzima, azihesabu mbao.