Mnada umepambwa, bei zimefichwa

Kwa miaka kadhaa muuzaji wa sarafu za kale hapa Mji wa Kale alikuwa na kinga moja mbele ya mnunuzi mjanja, nayo ni simu yake. Mgeni akisimama dukani Ndia Kuu na kusema kwamba rupia ya Mombasa ya 1888 "haina bei siku hizi", mwenye duka aliingia kwenye tovuti ya mnada ya ng'ambo, akaandika jina na mwaka, akaona rupia kama ile iliuzwa kwa kiasi gani mwezi uliopita na miaka iliyotangulia. Maneno yalibadilika hapo hapo.

Tangu tovuti hiyo ipewe sura mpya, kinga imetoboka. Jina silitaji, wanaokusanya sarafu wanaijua. Saa ya kufunga mnada sasa huandikwa kwa saa za kwao, na jamaa yangu mmoja alikesha akingojea sarafu iliyokwisha kuuzwa tangu alasiri. Hiyo ni kero tu. Hasara ni kwamba bei za mauzo yaliyopita zimefungiwa ndani. Ukizitaka, ulipe kila mwezi, tena kwa kadi ya benki, wakati wauzaji wetu wengi, hasa wazee, wanatumia M-Pesa pekee.

Chukua pesa ya shaba ya 1888. Ilitolewa na kampuni ya Imperial British East Africa mwaka ule ule ilipopata hati ya kifalme. Ina jina la Mombasa, ina mizani, na ina mwaka wa Hijria 1306 kwa tarakimu za Kiarabu. Sasa, pesa ya Sayyid Barghash wa Unguja, ya 1299, nayo ina mizani. Asiyesoma tarakimu hizo akizilaza kwenye sahani moja atazichanganya. Tovuti ya zamani iliziweka mbali mbali, Mombasa peke yake na Zanzibar peke yake. Siku hizi zote zimesukumwa kwenye fungu la "Afrika, nyinginezo", na ukiandika Mombasa unaletewa kadi za posta na picha za meli. Picha za sarafu zenyewe zimekuwa ndogo kama ukucha. Herufi C na M, alama ya kiwanda cha Calcutta ambayo mkusanyaji huitafuta kwanza, hazionekani.

Inachekesha kidogo. Neno letu pesa asili yake ni hiyo hiyo paisa ya Kihindi, kama hela ilivyotokana na heller ya Wajerumani. Sarafu tunazitaja mdomoni kutwa, lakini kujua bei yake ni mpaka tupige hodi ng'ambo.

Anayeumia zaidi ni mrithi. Mwaka 1920 rupia iliondolewa ikaletwa floreni, na 1921 floreni ikaipisha shilingi. Zote mbili zina kichwa cha Mfalme George V upande mmoja na simba upande wa pili. Mjukuu anayefungua kasha la bibi yake huona shilingi za mkoloni tu, azipime kwa mkupuo kama vyuma chakavu. Zamani angepiga picha, atafute, ashtuke. Mnunuzi mkubwa wa ng'ambo hana shida hiyo, kwa kuwa ana katalogi zake na ada ya mwezi kwake si kitu. Wala sidhani waliobadilisha tovuti walikusudia kutudhulumu. Walimfikiria mtu anayenunua, kwani kamisheni inatoka kwenye mnada wa leo, si kwenye bei za juzi.

Lakini mbona sisi wenyewe hatuna bei zetu? Sarafu zinauzwa hapa kisiwani kila siku. Ila zinauzwa kwa kunong'ona, na sababu yake moja ni sheria ambayo wengi wameisikia nusu nusu. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa ni kitu cha kale chochote kinachohamishika, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895. Pesa ya 1888 imo ndani ya mpaka huo. Kuitoa nchini kunahitaji kibali. Floreni ya 1920 haimo. Watu hawatenganishi mambo hayo mawili. Mmoja anaificha floreni yake bure kwa hofu ya kunyang'anywa, mwingine anaitia pesa ya kampuni kwenye bahasha na kuipeleka posta bila kujua anavunja sheria. Wote wawili hawaandiki waliuza kwa bei gani.

Tukiweka daftari letu, hata la karatasi, lenye picha ya sarafu, uzito wake na bei iliyokubaliwa bila jina la muuzaji, tovuti ikibadilika tena haitatuyumbisha sana. Makumbusho ya Fort Jesus iko hatua chache kutoka maduka hayo. Ingeweza kutenga siku moja kwa mwezi watu walete sarafu zitambuliwe, ziandikwe, kisha warudi nazo nyumbani. Kwamba watarudi nazo, hilo ndilo watu watakalouliza kwanza mlangoni, na Ngomeni ingefaa ilijibu mapema, kwa Kiswahili na kwa maandishi.